Rafiki wa Wote na Suala la Nafsi ya Tatu: Kisa cha Mhubiri Asiye Mume wala Mke, 1776–1819

1. Utangulizi

Ni desturi ya walimu wa Kiswahili, wanapolinganisha lugha yetu na lugha za Ulaya, kujivunia jambo moja: kwamba sarufi ya Kiswahili haitengi mume na mke. Kiambishi a- katika anakuja hakisemi kama anayekuja ni mwanamume au ni mwanamke. Yeye ni yeye tu. Na ngeli ya kwanza huwakusanya pamoja mtu, mtoto, mgeni na mgonjwa bila kuuliza habari za jinsia zao. Jambo hili ni kweli, na wanafunzi hulipokea kwa furaha. Lakini mara nyingi hujengwa juu yake hoja ya pili, kwamba lugha isiyotenga jinsia katika viwakilishi vyake ni lugha isiyomfunga mtu kwa jinsia yake. Hoja hii ya pili ndiyo inayokusudiwa kuchunguzwa katika makala haya.

Njia tutakayoifuata ni ya kihistoria. Tutasimulia kisa cha mtu mmoja wa Marekani ambaye kwa karibu miaka 43 alikataa kuitwa mwanamume, na akakataa vilevile kuitwa mwanamke. Siku hizi wako watu katika nchi nyingi wanaoeleza kwamba hisi yao ya jinsia ni dhaifu, au huyumba baina ya pande mbili, au haipo kabisa. Wengi wetu hudhani kwamba hayo ni mambo ya juzi, yaliyozuliwa na vijana. Kisa hiki kina umri wa zaidi ya miaka 200. Kwa mwanaisimu kina faida ya pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya ugomvi wake ilipiganiwa katika uwanja wa viwakilishi.

2. Kuzuka kwa Rafiki

Tarehe 29 Novemba 1752, mjini Cumberland katika koloni la Rhode Island, Jeremiah na Amey Wilkinson walipata mtoto wao wa nane, wakampa jina Jemima. Wazazi hao walikuwa wa madhehebu ya Marafiki, ambayo msomaji wa Kenya anayajua vyema tangu misheni yao ilipofunguliwa Kaimosi mwaka 1902. Mama alifariki Jemima akiwa bado mdogo, muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kumi na mbili.

Mwaka 1776 ulikuwa wa misukosuko ndani ya nyumba hiyo na nje yake. Makoloni yalikuwa yamekwisha kuingia vitani na Uingereza. Marafiki, ambao dini yao inakataza vita, waliwatenga ndugu wa kiume wa Jemima kwa kushiriki mazoezi ya kijeshi; na mnamo Agosti Jemima naye akatengwa, kwa sababu alikuwa ameacha mikutano yao na kuhudhuria ya Wabaptisti. Kisha, mwezi wa Oktoba, akashikwa na homa kali ya ugonjwa uliokuwa umeenea katika sehemu zile. Akalala kitandani siku kadhaa, na daktari akaletwa kutoka mji wa jirani.

Homa ilipopungua, aliyeinuka kitandani alitoa tangazo ambalo hakulibadili hadi kufa kwake. Alisema kwamba Jemima Wilkinson amekwisha kufa, na roho yake imekwenda mbinguni. Mwili uliobaki umepewa roho nyingine, iliyotumwa na Mungu kuhubiri toba kwa watu wote. Na roho hiyo si ya kiume wala si ya kike. Tangu siku ile hakuitikia tena jina la zamani. Alijiita Public Universal Friend, na kwa kifupi Rafiki. Tutatumia jina hili fupi katika makala haya.

Jina hilo lilikuwa na mizizi katika lugha ya madhehebu yake. Marafiki walimwita mhubiri wao asafiriye kutoka mji hata mji ‘rafiki wa hadharani’. Yeye aliongeza neno la kuonyesha kwamba hadhara yake ni walimwengu wote. Hakuunda neno jipya kabisa: alichukua neno la kawaida la heshima, ambalo kwa asili yake halikuwa na jinsia, akalivaa kama jina.

Hapa yafaa kujibu dhana moja iliyotajwa mara kwa mara. Husemwa kwamba mwanamke wa karne ya 18, akiona kwamba mimbari ni ya wanaume, alijivua uanawake ili apate kuhubiri. Dhana hii haitoshi. Miongoni mwa Marafiki wanawake walikuwa wakihubiri tangu karne ya 17, na Margaret Fell aliandika kuitetea haki hiyo mwaka 1666. Tena, wakati huohuo alikuwako Ann Lee, kiongozi wa madhehebu ya Shakers, aliyefika New York kutoka Uingereza mwaka 1774. Yeye alihubiri, akapata wafuasi wengi, na akaitwa Mama. Kwa hiyo njia ya kuhubiri kama mwanamke ilikuwapo, tena ilikuwa na mifano hai. Rafiki hakuifuata. Lazima tukubali, basi, kwamba alilokuwa akilisema juu ya nafsi yake lilikuwa ndilo alilokusudia kulisema.

3. Mavazi na majibu

Rafiki alivaa joho jeusi refu, mfano wa lile la makasisi, na shingoni kitambaa kama walivyofunga wanaume. Nje alivaa kofia pana ya ngozi ya biva, ambayo kwa kawaida ilikuwa ya wanaume. Ndani ya nyumba hakufunika kichwa kwa kofia ya kitambaa kama walivyofanya wanawake wa siku zile. Nywele zake ziliachwa zianguke mabegani. Walioandika juu yake walihangaika. Mmoja aliona sauti ya kiume, mwingine ya kike; mmoja alisema joho ni la mwanamume, mwingine akaliona kuwa ni gauni. Alipohubiri Philadelphia katika miaka ya 1780, magazeti yalijishughulisha na sura na mavazi yake kuliko mahubiri yenyewe.

Alipoulizwa waziwazi kama ni mwanamume au mwanamke, hakusema ‘vyote viwili’, wala hakusema ‘nusu kwa nusu’. Alijibu kwa maneno yenye maana kwamba yeye ni vile alivyo. Jibu hili ni la kuangaliwa sana. Muulizaji alikuwa ameleta milango miwili, na mwulizwa hakuingia katika wowote, wala hakujenga wa tatu. Tukilinganisha na maelezo ya watu wa leo wanaosema kwamba jinsia kwao ni kitu hafifu, tunaona mfanano. Hata hivyo mwanahistoria hana ruhusa ya kumbandika Rafiki majina ya karne ya 21. Lugha aliyoijua ya kulielezea jambo lake ilikuwa ya dini, nayo ndiyo aliyoitumia.

Mahubiri yenyewe hayakuwa mageni sana: toba, amani, ukarimu kwa wageni, na useja kwa wale walioweza. Lililo kubwa zaidi ni kwamba alihubiri dhidi ya utumwa, na wafuasi wenye watumwa wakashawishika kuwaachia huru. Mmojawapo alikuwa hakimu William Potter wa Rhode Island, ambaye pia aliipanua nyumba yake ili Rafiki apate makao. Chama cha wafuasi kiliundwa rasmi mwaka 1783.

4. Kalamu za wafuasi na kalamu za wapinzani

Kiingereza kina viwakilishi viwili vya nafsi ya tatu umoja kwa ajili ya watu, kimoja cha kiume na kimoja cha kike. Msemaji hawezi kuendelea na habari za mtu bila kuchagua. Rafiki aliwataka wafuasi wasimchagulie. Amri hii ni rahisi kutamkwa na ni ngumu kutimizwa, kwa maana iliwadai waisimamie ndimi zao katika kila sentensi.

Wengi waliitimiza. Katika barua na hata katika shajara za faragha, ambazo hawakutarajia zisomwe na mtu mwingine, walirudia neno Rafiki pale ambapo lugha ilidai kiwakilishi. Rafiki alisema, Rafiki alikwenda, farasi wa Rafiki, nyumba ya Rafiki. Wengine walitumia kiwakilishi cha kiume. Wapinzani nao walishikilia kile cha kike, pamoja na jina la Jemima, kwa makusudi yaleyale ya kukanusha. Abner Brownell, aliyekuwa mfuasi kisha akajitenga, alichapisha kijitabu cha kuwapinga mwaka 1783. David Hudson alitoa wasifu wa chuki mwaka 1821, miaka miwili tu baada ya kifo. Hata Herbert Wisbey, ambaye kitabu chake cha mwaka 1964 ni cha utafiti wa makini na wa haki, alimwita katika anwani yenyewe nabii wa kike. Katika karne hii wanahistoria kama Scott Larson (2014) na Paul Moyer (2015) wamelirudia suala hili, na jinsi ya kumtaja Rafiki imekuwa sehemu ya mjadala wenyewe.

Kwa hiyo, katika maandishi ya Kiingereza juu ya Rafiki, kiwakilishi ni kura. Msomaji akifungua ukurasa wowote hujua, kabla ya kumaliza sentensi ya pili, mwandishi yuko upande gani.

5. Mahakama, ardhi na alama ya msalaba

Tangu mwaka 1788 wafuasi walianza kuhamia magharibi ya New York, karibu na Ziwa Seneca. Rafiki aliwafuata mwaka 1790, wakati walipokuwa wamefikia watu wapatao 260, na baadaye akaishi mahali walipopaita Jerusalem. Hapo ndipo suala la jina lilipoacha kuwa la dini tu likawa la sheria. Ardhi haisajiliwi bila jina la mwenyewe, na jina pekee ambalo sheria ililitambua ni lile la mtu ambaye Rafiki alisema amekufa. Basi ardhi iliwekwa kwa amana katika jina la Sarah Richards, msaidizi wake wa karibu. Naye alipofariki mwaka 1793, amana ikapita kwa Rachel Malin. Mpango huo ulizaa mashitaka ya miaka mingi. Baadhi ya wafuasi wa kwanza waligeuka maadui, wakajaribu kumkamata Rafiki zaidi ya mara moja, na wakamshitaki kwa kumkufuru Mungu. Shauri lilipofika katika mahakama ya wilaya ya Ontario mwaka 1800, ilionekana kwamba hapakuwa na kosa la kushitakika, na Rafiki akakaribishwa kuihubiria hadhara iliyokuwapo.

Ushahidi wa mwisho ni wasia wa mwaka 1818. Mwanasheria alisisitiza kwamba hati itaje mtu aliyejulikana kwa jina la Jemima Wilkinson kabla ya mwaka 1777, na tangu hapo kwa jina la Rafiki wa Wote. Rafiki aliyaacha maneno hayo yaandikwe, lakini hakutia sahihi jina lile. Alichora alama ya msalaba mbele ya mashahidi, kama afanyavyo mtu asiyejua kuandika, ilhali alijua kusoma na kuandika vizuri. Alikubali kuonekana mjinga wa kalamu kuliko kuliandika jina la marehemu kwa mkono wake. Alifariki tarehe 1 Julai 1819. Katika daftari la vifo la jumuiya yake iliandikwa saa na dakika, na kwamba Rafiki aliondoka. Hata hapo kiwakilishi hakikutumika.

6. Kisa hiki katika Kiswahili

Msomaji atakuwa amekwisha kutambua kwamba tumekisimulia kisa hiki chote kwa Kiswahili cha kawaida bila taabu yoyote. Alizaliwa, aliugua, alihubiri, alifariki: hapana kitenzi kilichotulazimisha kuamua. Yale ambayo wafuasi wa Rafiki waliyalipia kwa jasho la ulimi, Kiswahili kinayatoa bure. Lakini hebu tuangalie bei yake.

Tuseme mfuasi ameandika kwamba Rafiki alifika jioni, Rafiki akahubiri, Rafiki akalala kwa mwenyeji. Mpinzani akaandika habari hiyohiyo kwa kiwakilishi cha kike mara tatu. Mtu wa tatu akatumia kile cha kiume. Tukizifasiri kwa Kiswahili safi, habari zote tatu zinakuwa moja: alifika jioni, akahubiri, akalala kwa mwenyeji. Mfasiri hakukosea kisarufi hata kidogo. Hata hivyo ameuzika ushahidi. Uaminifu wa mfuasi umetoweka, na dharau ya mpinzani imetoweka pamoja nao. Sarufi isiyouliza swali haiwezi kulihifadhi jibu.

Tena si kweli kwamba Kiswahili hakiulizi kabisa. Huuliza mahali pengine. Rafiki hakufunga ndoa maisha yake yote. Lakini tukitaka kulisema hilo kwa kitenzi chetu cha kila siku, tutasemaje? Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Jinsia ambayo Kiingereza kimeiweka katika kiwakilishi, sisi tumeiweka katika kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Itabidi tuseme kwamba Rafiki hakuoa wala hakuolewa, na hapo lugha imetulazimisha kutaja milango yote miwili ili tuikane. Katika istilahi za ukoo mambo huwa magumu zaidi. Watoto wa ndugu zake wangemwitaje? Shangazi, baba mdogo, au mama mdogo? Hakuna neno la kati. Kaka na dada hutenga. Umbu la kale, ambalo kwalo mwanamume humtaja ndugu yake wa kike, hutenga pia. Bwana na Bibi hutenga. Hata mikono ya mtu mmoja imegawanywa: wa kuume ndio wa kulia, na wa kike, katika matumizi ya zamani, ndio wa kushoto. Neno lililo karibu sana na jina la Rafiki ni ndugu, nalo lina historia yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilienea Tanzania kuwa neno la kumwitia kila mtu, mahali pa Bwana na Bibi. Nia ilikuwa kufuta vyeo, si jinsia. Lakini lilifuta vyote viwili kwa pamoja, kama vile Marafiki walivyokataa vyeo vya dunia wakaitana kwa neno moja.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwasomea wanafunzi wake muhtasari wa kisa hiki kwa Kiswahili, akiwa ameacha jina la Jemima na habari za kuzaliwa, kisha akawataka waufasiri kwa Kiingereza. Haikuwa utafiti, ilikuwa zoezi la darasani. Hakuna aliyeuliza mhubiri huyu alikuwa nani. Wengi waliandika kiwakilishi cha kiume tangu sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kuwa palikuwa na farasi, kofia, mimbari na ardhi. Kiambishi a- hakikuwaambia hivyo, walijiambia wenyewe. Nafasi iliyoachwa wazi na sarufi ilijazwa na mazoea, na kwa kuwa hapakuwa na neno la kuonyesha hivyo, hakuna aliyejua kwamba imejazwa. Mwandishi mwenyewe, alipokuwa akisoma ng'ambo, aliwahi kufanya kosa lilelile katika tafsiri yake, na hakuligundua mpaka alipoulizwa amejuaje.

7. Suala la msamiati

Tukiyaacha ya sarufi, je, tunalo neno la mtu wa namna hii? Pwani yetu imerithi kutoka Kiarabu neno huntha, ambalo katika fikihi humtaja mtu mwenye maumbile ya pande mbili. Fikihi ya Kishafii, ambayo ndiyo ya Waswahili walio wengi, ilimfikiria mtu huyo kwa makini. Katika Minhaji ya Nawawi, kitabu kinachojulikana sana na makadhi wetu, huntha ambaye hali yake haijulikani hupewa katika urithi lile lililo la yakini, na lile lenye shaka huzuiliwa mpaka hali ibainike. Ni sheria ya subira, na yafaa kusifiwa. Lakini inachukulia kwamba ukweli upo umefichika, na kwamba siku moja utajulikana.

Hilo ni suala la maumbile. Marekani nayo ililijua: mwaka 1629 mahakama ya Virginia ilimhukumu Thomas Hall, aliyeishi mara kama mwanamume na mara kama mwanamke, avae nguo za kiume pamoja na kofia na aproni ya kike. Watu walikuwa wamemkagua mwili mara kadhaa kabla ya hukumu hiyo. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 nayo, ilipohesabu kwa mara ya kwanza watu wenye jinsi mbili, ikapata 1,524, ilikuwa ikihesabu maumbile. Kisa cha Rafiki si cha aina hiyo. Hakikuhusu mwili unaotatanisha, bali nafsi isiyojitambua katika jina lolote kati ya mawili. Hakuna kilichofichika kinachosubiri kubainika. Kumwita Rafiki huntha, basi, ni kosa la istilahi. Kumwita hanithi ni zaidi ya kosa, ni tusi. Na neno hilo, ambalo limebeba maana za upungufu na aibu, haliwezi kuwa istilahi ya elimu. Jikedume nalo huanza kwa kumhesabu mtu kuwa mwanamke, kisha likamsifu au kumsuta kwa uanaume.

8. Hitimisho

Yatokanayo na uchunguzi huu ni matatu. Kwanza, kutokuwapo kwa jinsia katika viwakilishi ni sifa ya sarufi ya Kiswahili, si ushahidi wa tabia ya Waswahili. Pili, mfasiri anayekutana na maandishi ambamo kiwakilishi ni jambo la imani hana budi kutafuta njia nyingine ya kulihifadhi jambo hilo: kwa wafuasi, alirudie jina Rafiki hata kama Kiswahili hakilazimishi, kwa wapinzani, aandike mwanamke yule, ili dharau isikike. Tatu, mtu asiyejihisi kuwa mwanamume wala mwanamke hana jina katika kamusi zetu ila majina ya mwili na majina ya matusi. Mpaka neno lifaalo lipatikane kwa watu wenyewe, ni afadhali kueleza kwa sentensi nzima kuliko kuazima neno linalochoma. Kiingereza cha leo, katika kutafuta njia, kimekipanua kiwakilishi chake cha wingi kimtaje mtu mmoja. Sisi hatuhitaji kiwakilishi. Tunahitaji adabu ya kuuliza mtu anaitwaje, na kisha kumwita hivyo.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, maana jina ni jina. Rafiki alikuwa na umri wa miaka 65 alipowekewa wasia mbele yake. Maradhi yalikuwa yamemzidi, na ardhi ya jumuiya yake yote ilitegemea hati ile. Sahihi moja ingemaliza ubishi. Alichora msalaba.